Mwezi Mmoja Hautoshi



Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, za saa za ziada, na za wenzetu walioachishwa kazi bila haki. Leo twaomba nafasi tuseme jambo ambalo huenda wengine mtasema si la chama, ni la nyumbani kwa mtu. Twawaomba msome hadi mwisho ndipo mhukumu.

Sisi tunaoandika ni mume na mke, wakaaji wa Changamwe. Mume ni mfanyakazi wa reli, mke ni mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo upande huu wa bara. Tuna miaka tisa katika ndoa na hatukujaliwa kuzaa. Tumekwenda kwa madaktari, tumefunga na kuomba, na fedha tulizokuwa tukiweka akiba zimekwisha kwa dawa. Basi mwaka huu tumekata shauri. Tumeanza safari ya kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto asiye na wa kumlea na kumfanya wetu kabisa mbele ya sheria.

Hatuandiki ili tuhurumiwe. Twaandika kwa sababu katika safari hii tumekuta shimo, na shimo hilo ni la kikazi. Chama kinaweza kulifukia.

Kwanza yafaa tueleze jinsi kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani kwamba mtu huenda katika nyumba ya kulelea watoto, akachagua mmoja, akarudi naye. Sivyo. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Mtu huanza kwa shirika la kuasilisha watoto lililoandikishwa. Tulipokwenda mara ya kwanza tulipewa orodha ya karatasi za kuleta: vitambulisho, cheti cha ndoa, karatasi za mshahara, taarifa ya daktari, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na barua za watu wanaotujua. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21.

Baada ya karatasi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii huja nyumbani. Ametazama vyumba vyetu viwili, ametazama maji yanatoka wapi, ametuuliza nani atakaa na mtoto mume akiwa zamu ya usiku na mke akiwa kiwandani. Swali hilo la mwisho hatukuwa na jibu lake zuri, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mtoto naye ana mambo yake ya kutimizwa. Awe na umri wa majuma sita au zaidi. Kama aliachwa, polisi sharti watafute kwanza jamaa zake. Mtoto sharti atangazwe kwanza kuwa yu huru kuasiliwa. Ndipo akabidhiwe kwa wazazi wapya, na hapo sheria yasema akae mikononi mwao miezi mitatu mfululizo, bila kukatika, kabla ombi halijapelekwa mahakamani. Kisha mahakama huweka mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, taarifa husomwa, na mahakama ikiridhika hutoa amri. Tangu siku hiyo mtoto ni wenu, sawasawa na aliyezaliwa katika ndoa yenu, na atarithi kama mtoto mwingine yeyote. Amri haiwezi kurudishwa kama mtu arudishavyo shati dukani.

Hatunung'uniki juu ya urefu wa njia hii. Mtoto si mzigo wa kupakiwa haraka haraka katika behewa. Serikali ikiuliza maswali mengi kabla ya kumkabidhi mtu roho ya mtoto, yafanya vizuri. Tena wako watu katika mji huu wanaonong'ona kwamba yuko mama fulani, au mhudumu fulani, anayeweza "kusaidia" kwa fedha, bila ofisi wala korti. Ndugu, msiwasikilize. Kutoa au kupokea fedha ili mtoto aasiliwe ni kosa la jinai, na biashara ya watu imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2010. Mtoto anayenunuliwa leo huenda kuna mama anayemlilia.

Sasa twaja kwenye shimo.

Mwaka 2021 Bunge liliongeza kifungu katika Sheria ya Ajira ya 2007. Kinaitwa kifungu cha 29A. Chasema kwamba mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto ili amwasili atapata likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili, kuanzia siku ya kukabidhiwa. Lazima amwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla, na aambatanishe mapatano kati yake na shirika pamoja na cheti cha kumtoa mtoto katika ulinzi wa shirika. Kifungu hakisemi mwanamke wala mwanamume, chasema mfanyakazi.

Je, ni wangapi kati yetu waliokuwa wakijua hayo? Sisi hatukujua. Mmoja wetu, yule wa cherehani, alikwenda katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda chake kuuliza. Karani akamtazama tumbo, akacheka, akamwambia, "Dada, likizo ya uzazi ni ya anayezaa." Hakusema kwa ubaya. Naye hakujua. Ilibidi tuitafute sheria wenyewe, tuichape, tumpelekee. Aliisoma mara mbili, akaomba radhi.

Basi likizo ipo, na twashukuru. Lakini hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Sheria ya Watoto yasema mtoto akae mikononi mwetu miezi mitatu mfululizo. Sheria ya Ajira yatupa mwezi mmoja. Miezi miwili iliyobaki mtoto akae mikononi mwa nani? Mkono wa kwanza wa Serikali wataka tumshike mtoto bila kumwachilia. Mkono wa pili watuvuta turudi mashineni siku ya thelathini na moja.

Tulidhani tumepata ufumbuzi. Tulisema: sote wawili tumeajiriwa, basi tupokezane kama madereva wa treni wanavyopokezana njiani. Mke achukue mwezi wa kwanza, mume achukue wa pili, na wa tatu tuchukue likizo ya mwaka. Lakini kifungu chasema likizo yaanza siku ya kukabidhiwa mtoto. Basi tukikifuata neno kwa neno, wote wawili tutakaa nyumbani mwezi uleule, kisha wote wawili tutatoka asubuhi ileile. Ni kama kuweka madereva wawili katika kichwa kimoja cha treni, na katika treni inayofuata asiwepo hata mmoja.

Ipo likizo ya mwaka, siku za kazi zisizopungua 21, na mtu hapaswi kuipoteza kwa sababu ya kuasili. Ukiiunganisha na ule mwezi mmoja, unakaribia miezi miwili. Bado haijafika mitatu. Tena wengi wetu likizo hiyo tumekwisha kuimega kwa mazishi na safari za nyumbani.

Mwanamke aliyezaa hupewa miezi mitatu yenye mshahara. Hatumwonei wivu, amestahili. Lakini twasikia watu wakisema: mwenye kuasili hana jeraha, hakumwaga damu, likizo ya nini? Twajibu hivi. Jeraha ni sababu moja ya likizo, siyo yote. Kama ingekuwa ni jeraha peke yake, mbona sheria hiyohiyo humpa baba majuma mawili, naye hana jeraha? Likizo ni ya mama, na ni ya mtoto pia. Huyu mtoto wa kuasili huenda ameokotwa, ameshikwa na mikono kumi katika nyumba ya kulelea, hajui bado uso upi ni wa kwake. Mtoto aliyezaliwa humo nyumbani ameisikia sauti ya mama yake tangu tumboni. Wa kuasili aanza kuisikia siku ile anapokabidhiwa. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria yetu imelipa miezi mitatu kwa asemaye mithali upande mmoja, na mwezi mmoja kwa asemaye upande wa pili.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za binti Farao aliyemtoa Musa katika manyasi ya mto. Jambo moja katika habari ile hatukulitia maanani zamani: yule mwanamke aliyepewa kumnyonyesha mtoto alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hata katika nyumba ya Farao, ambaye hakuwa rafiki wa wafanyakazi, ilijulikana kwamba kulea ni kazi na kazi ina ujira.

Wako wanachama watakaosema: chama kina mambo makubwa, familia zinazoasili ni chache, tusipoteze nguvu. Twajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Wazee wetu walipogoma hapa Mombasa mwezi Januari 1947, bandarini na relini na kwingineko, mshahara wa Mwafrika ulikuwa unakadiriwa kama kwamba kila mfanyakazi ni mseja, mtu mwenye kitanda kimoja na sufuria moja, asiye na mke wala mtoto mjini. Halmashauri ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilikiri jambo hilo katika taarifa yake ya 1954, ikasema mshahara wapaswa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Basi kutaka mfanyakazi atambuliwe kuwa ana nyumba na watoto ni msingi wa vyama vyetu. Hatukuleta jambo geni.

La pili ni kwamba sheria za likizo hazikushuka kutoka mbinguni. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi miwili, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Ilichukua miaka thelathini na moja, hadi 2007, ndipo ikawa miezi mitatu bila kunyang'anywa. Ikachukua miaka kumi na minne zaidi ndipo mzazi wa kuasili akatajwa. Kila hatua ilikuja baada ya watu kusema na kusema tena. Na kama walengwa ni wachache, basi gharama kwa mwajiri ni ndogo. Jambo dogo kwa tajiri na kubwa kwa mfanyakazi ndilo jambo la kudai kwanza.

Nasi hatuko peke yetu duniani. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake namba 191 la mwaka 2000, lilisema wazazi wa kuasili wapate kinga ileile ya uzazi, hasa likizo, malipo na usalama wa kazi. Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Januari 2020 kutoa majuma kumi kwa mzazi aliyeasili mtoto wa chini ya miaka miwili. Majuma kumi ni zaidi ya mara mbili ya mwezi wetu.

Hatuna haja ya kungoja Bunge. Sheria ya Ajira yenyewe, katika kifungu cha 26, yaonyesha kwamba masharti yake ni ya chini kabisa, na kwamba mapatano yaliyo bora zaidi kwa mfanyakazi ndiyo yatakayofuatwa. Kwa hiyo mlango u wazi, nao ni mlango wa mapatano ya pamoja, ambao ufunguo wake uko mkononi mwa chama.

Tusimsahau pia mwenzetu Mwislamu. Sisi ni Wakristo, lakini twafanya kazi na watu wa Likoni na Kisauni, twala nao mchana, twajua mambo yao. Katika dini yao mtoto asiye na wazazi huchukuliwa kwa kafala: hulelewa kwa mapenzi yote, lakini hubaki na jina la baba yake wa damu. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala kuwa njia halali ya malezi. Lakini kifungu cha 29A chataja shirika la kuasilisha, hakitaji kafala. Basi jirani yetu wa Kisauni akimpokea yatima kwa desturi ya dini yake, mwajiri aweza kumwambia kwamba yeye hana hata ule mwezi mmoja. Mtoto wa kafala analia usiku kama huyu wetu. Chama kisichobagua dini kisiache jambo hili.

Wengine wametuambia, "Ya nini taabu yote hii? Chukueni mtoto wa ndugu, mlee kimya kimya." Hatudharau desturi hiyo. Wengi wetu tumelelewa na shangazi na wajomba, na sheria pia yakubali malezi ya jamaa. Lakini katika jamaa zetu sisi wawili hakuna mtoto anayehitaji makao, na katika nyumba za kulelea wako wanaohitaji. Tena mfanyakazi wa reli ajua kwamba mtu aweza kutoka nyumbani asubuhi mzima, jioni akaletwa amefunikwa shuka. Siku hiyo mtoto aliyelelewa bila karatasi yoyote hutazamwa kama mgeni. Wajomba huja na vyeti vyao, na mtoto aliyekuita baba miaka kumi hana hata kipande cha kuonyesha. Kwa sababu hiyo twataka amri ya mahakama, hata kama njia ni ndefu.

Basi haya ndiyo tunayoomba yaletwe katika mkutano wa tawi, yajadiliwe, na yakikubaliwa yatiwe katika madai ya mapatano yajayo:

1. Likizo ya kuasili iwe miezi mitatu yenye mshahara kamili, iwe sawa na ule muda ambao sheria yataka mtoto akae na wazazi wake wapya.

2. Mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, waruhusiwe kupokezana sehemu ya likizo hiyo, asiwepo hata mwezi mmoja ambao nyumba haina mtu.

3. Saa za kwenda kwa afisa wa watoto, kwa shirika na mahakamani zisikatwe katika mshahara, mradi mfanyakazi alete barua. Mwenzetu wa Likoni anayevuka feri kwenda ofisini mjini hupoteza nusu siku kabla hajaonana na mtu.

4. Mtoto aandikwe katika matibabu ya kazini tangu siku anapokabidhiwa, asingojee amri ya mahakama. Homa haingoji hakimu.

5. Anayempokea mtoto kwa kafala apate haki hizo hizo.

Na kwa wale walio na nia kama yetu, msingoje mapatano. Andikeni barua kwa mwajiri mapema, msipunguze zile siku 14. Wekeni nakala. Mpeni nakala mwakilishi wa chama mahali penu pa kazi. Karani akicheka, msikasirike, mwonyesheni kifungu.

Kwetu sisi, msimamizi wa zamu amekubali kubadilisha zamu mbili ili tuwepo nyumbani siku ya ukaguzi wa pili. Twamshukuru, lakini haki haifai kutegemea moyo mwema wa mtu mmoja. Kesho atahamishwa, aje mwingine.

Bado hatujui mtoto wetu ni nani. Hatujui kama ni wa kike au wa kiume, wala kama amekwisha kuzaliwa. Tumesafisha chumba cha pili, tumehamisha baiskeli iliyokuwamo, tumenunua neti ya mbu. Majirani wameona neti, wameanza kuuliza, na sasa twawajibu bila kuona haya. Tutakapoitwa kumchukua, tungependa kumwambia yule wa ustawi wa jamii jibu la swali lake, nani atakaa na mtoto. Jibu hilo twaweza kulitoa sisi wawili kwa mwezi mmoja. Kwa miezi miwili iliyobaki, twawahitaji ninyi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi wenu katika chama,
Mume na mke wa Changamwe